Jogoo Aliyefuata Mbabula

Kasha, Bukavu

Mama yangu mupendwa,

Nianze kwanza na Mulonda, kwa sababu njo yeye atakusomea. Mulonda, mudogo yangu, soma polepole, usimeze maneno kama unavyomeza bugali. Na kile kitunga Papa Musafiri amekitua hapo mulangoni, mutu asikiguse mpaka barua ifike mwisho. Najua mikono yako. Kama kuna kitu kinakwaruza ndani, acha kikwaruze.

Mama, sasa ni zamu yako. Umeamukaje? Mugongo unasema nini siku hizi, na ule muguu uliouumiza mutoni? Mihogo imetoka vizuri? Yaya, mukubwa wangu, bado anakuchotea maji, ao amerudia uvivu wake? Sisi huku tuko wazima, tunashukuru Mungu. Papa Bahati amepata kazi ya umasoni kule Nyalukemba, wanamujengea mutu mumoja ukuta mukubwa kuzunguka nyumba yake, na kila jioni anarudi mweupe wa simenti mpaka ndani ya masikio. Bahati, mujukuu wako, ameota meno ya mbele na anauma kila kitu, hata bibi yake wa Katana alimuuma kidole. Nilimukaripia kwa mudomo, lakini moyoni, Mama, nilicheka. Mvua iko nyingi. Tope la Kasha halina adabu, unatoka na viatu muguuni unarudi navyo mukononi.

Ule ujumbe uliomupa Papa Musafiri wakati ule ulinifikia wote. Alisimamisha kamio yake ya mizigo chini ku barabara, akapanda kilima mpaka kwangu, akakaa, akakataa hata maji. Akasema, "Maman Bahati, mama yako anasema ugonjwa umepita, kuku zote zimekufa, zake na za majirani. Anasema asubuhi yake haina sauti tena. Anaamuka akidhani bado ni usiku." Nilikuwa natwanga majani ya sombe. Niliacha muchi ndani ya kinu, nikakaa chini, nikalia mbele ya shofere bila haya. Mutu mwengine angesema ni kuku tu. Lakini mimi nalijua lile boma la kuku nyuma ya jiko lako, nalijua tangu natambaa.

Halafu ukaomba kitu kimoja: mbegu ya kuku zetu, zile za bibi zenye shingo bila manyoya, si kuku za kuokota sokoni. Nikamwambia Papa Musafiri palepale, "Mwambie Mama atapata. Achome boma la zamani, ajenge lengine, angoje." Nilisema vile kama mutu mwenye kuku mia. Kumbe mbegu yote iliyobaki ilikuwa kuku moja muzee, amelala chini ya kitanda changu, na hana mume.

Unajua ni nani. Ni ile tembe nyekundu uliyoniwekea mukononi mbele ya wazee siku nilipotoka kwenda ku bwana. Leo ni mumama muzito, tunamuita Koko. Ungeweza kusema, basi nirudishie huyo huyo. Hapana, Mama. Wewe unajua kuliko mimi: kuku ambayo mama anampa binti yake siku ya ndoa hairudi mu nyumba ilipotoka. Siku Koko akionekana mulangoni kwako, wazee watakaa, watauliza habari ya mahari, watasema mimi Wabiwa nimemuacha bwana yangu Mushi. Na mimi Mushi wangu bado namutaka, hata na simenti ndani ya masikio. Kwa hiyo Koko abaki, mutoto wake njo aende. Ila Koko hakuwa na mutoto, na jogoo wake alikuwa ameishia ndani ya tumbo la tonton.

Ngoja nikueleze hiyo. Tonton wa Papa Bahati, ndugu ya baba yake, alikuja kututembelea siku ya Pasaka, na Papa Bahati, bila kuniuliza, akachinja jogoo. Mimi nilikuwa ku misa. Narudi, nakuta manyoya. Tonton alikula mpaka kichwa, akajipiga tumbo, akasema, "Wewe binti wa Kirega, unafuga vizuri!" Nikamujibu, "Tonton, ule alikuwa wa kuzaa, hakuwa wa kula." Wakacheka wote, wakafikiri nafanya mzaha. Basi ujumbe wako ulipofika, nilimwambia bwana yangu: jogoo aliingia mu familia yenu, sasa jogoo atoke mu familia yenu. Hakubisha. Alituma neno Katana, kwa mama yake.

Mama mukwe wangu unamukumbuka. Siku ya ndoa alikaa pembeni kama mutu aliyekuja kudai deni. Hajanitukana hata siku moja, lazima niseme ukweli, lakini mwaka muzima wa kwanza aliniita "yule wa musituni". Na alipomuona Koko mara ya kwanza alimuangalia shingo, akaniuliza, "Huyu mulimunyonyoa mbele ya kumuchinja, halafu mukamuhurumia?" Nikamupa chakula.

Sasa akashuka ku kamio ya soko na jogoo kwapani. Yo, Mama, jogoo! Mabega mapana, mukia wa kijani unaong'aa, na manyoya meusi yamemufunga shingo mpaka kidevuni, kama mutu aliyevaa abacost, lile koti la wakubwa wa serikali ya zamani. Alipomuweka chini alitembea mu kiwanja cha parseli yangu kifua mbele, akiangalia kila pembe kama ametumwa kukagua. Papa Bahati akamupa jina palepale: Citoyen, kama wakubwa wale walivyoitana. Mama mukwe hakucheka. Aliniambia tu, "Umuonyeshe moto wa nyumba, hatakimbia," akaingia ndani kupumuzisha miguu.

Hiyo kazi naijua. Wewe pia unaifanya: kuku mugeni unamuzungusha kwenye mafiga, anauona moto wa nyumba, anajua hapa njo kwake. Lakini mafiga nitoe wapi? Huku mujini tunapika ku mbabula. Unatia makala, unaibeba unakotaka, mvua ikinyesha unaiingiza ndani, jua likitoka unaitoa inje. Basi nikamushika Citoyen, nikamuzungusha kwenye mbabula vizuri kabisa, nikimwambia, "Moto wako ni huu, moto wako ni huu." Nikajiona nimemaliza.

Sikumuachia mara moja. Nilimufunika na kitunga kikubwa karibu na Koko, wazoeane kwa macho kwanza, kama ulivyonifundisha. Koko akakizunguka kile kitunga, akachungulia, akaona kichwa kinatokea kwenye tundu, akakidonoa. Citoyen na abacost yake yote akapiga yowe kama mutoto. Niliwaacha vile siku chache, chakula kimoja, maji mamoja, wametenganishwa na kitunga tu. Nilipomufungulia, akashusha bawa moja mpaka chini, akacheza mbele ya Koko, na Koko akajifanya hamuoni. Hapo nikajua mambo yatakuwa mazuri.

Jirani yangu anaitwa Maman Sifa, yuko ng'ambo ya mufereji. Mumama muzuri, ila mudomo. Juma ile ile alikuwa na ubatizo wa mutoto, wageni wakajaa, akaniomba mbabula. Nikamupa, huku mbabula hainyimwi. Jioni naita kuku: Koko anakuja, Citoyen haonekani. Nikatafuta nyuma ya choo, nikatafuta mu shamba ya migomba. Kumbe bwana mukubwa amesimama kwa Maman Sifa, pembeni ya mbabula yangu, anaota moto kama muzee wa nyumba!

Nilimubeba, nikamurudisha. Asubuhi akavuka tena mufereji. Nikamubeba tena. Wageni wa Maman Sifa hawakuondoka, mbabula ikabaki kule, na Citoyen naye akabaki kule.

Nikamwambia, "Maman Sifa, nipe jogoo yangu."

"Miye nilimuita? Alijileta yeye peke. Umuulize."

"Jogoo nitamuuliza namna gani?"

"Basi umuache. Kuku zangu zimemupenda."

Mama, ulinizaa na hasira, unajua. Nilisema maneno, naye akasema yake, mpaka watu wa ubatizo wakatoka inje na sahani mukononi kutusikiliza. Lakini nikuambie kilichokuwa kinaniuma. Koko alikuwa anataga. Kila yai alilolitaga zile siku lilikuwa yai bure, la kukaanga. Kuku ya umri ule, nani anajua amebakiza mayai mangapi tumboni? Nilikuwa namuangalia anatoka ku kiota, anaimba wimbo wake wa kutaga, na mimi nashikwa na baridi. Nilikuwa nimesema "Mama atapata" kwa mudomo wangu mwenyewe, na mbegu ya bibi ilikuwa inaishia mu kikaango changu.

Mama mukwe alikuwa bado hajarudi Katana. Alitusikia tukigombana, akatoka, akaniita pembeni.

"Ule jogoo, ulimuzungusha wapi?"

"Ku mbabula, mama."

Akaniangalia. Akaangalia kwa Maman Sifa, akaona mbabula, akaona jogoo pembeni yake. Halafu akaanza kucheka. Mama, sikuwa nimemuona akicheka tangu niolewe! Alicheka mpaka akashika ukuta, akafuta machozi na kitenge. "Weye mutoto! Umemuonyesha moto wenye miguu! Moto umehama, naye amehama. Ana kosa gani?" Nami, hasira yote ikaniisha, nikacheka naye, tukawa wawili tunacheka pale mu tope kama wenda wazimu.

Akajifunga kitenge kiunoni. "Twende tutafute mawe." Papa Bahati, masoni wetu, akasema ana matofali mazuri, atatupangia mafiga yaliyonyooka, kwa kipimo cha maji. Mama yake akamuambia aende akapimie ukuta wa tajiri. Tulishuka sisi wawili mpaka ku kijito, tukachagua mawe matatu, yeye akabeba moja kichwani na umri wake ule, hakutaka nimusaidie. Tukayafukia nyuma ya nyumba, tukawasha kuni, siku ile sombe tulipikia pale na moshi ukatutoa machozi. Jioni nikaenda kumuchukua Citoyen, mama mukwe akamuzungusha yeye mwenyewe, na mimi nikamuzungusha nyuma yake, ili asiseme hakutambua. Tukamurudisha chini ya kitunga, mahindi ya kuvunjavunja mbele yake kila asubuhi. Tulipomufungulia tena, hakuvuka mufereji. Sisemi ni moto, sisemi ni mahindi. Chagua wewe unayotaka, mimi nilimupata jogoo yangu.

Na Maman Sifa nilipatana naye. Alinirudishia mbabula imesuguliwa mpaka inang'aa, na ndani yake sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa.

Koko akataga tena. Yale mayai niliyaweka mahali pa baridi, kichwa chembamba chini, sikuruhusu mutu hata kuyatazama vibaya. Papa Bahati aliuliza siku moja kama hakuna yai la kukaanga, nikamujibu aende kwa tonton akaombe. Halafu siku moja Koko hakutoka tena ku kiota. Manyoya yamesimama, ukimupelekea mukono ananguruma kama paka. Nikapiga makofi ya furaha! Nikamutengenezea kitunga kipya, majivu chini, majani makavu juu, na tumbaku kidogo pembeni kwa sababu ya chawa. Nikamuwekea mayai, akayavuta moja moja na mudomo mpaka chini ya tumbo, akafunga macho.

Alilala vizuri. Mara moja kwa siku nilimutoa ale, anakula haraka haraka, anajisaidia, anarudi mbio. Kama ingekuwa hivyo mpaka mwisho, barua hii ingekuwa fupi. Lakini mvua moja ya upepo ilikuja mchana, mimi niko sokoni, ikafunua pembe ya manjanja, yale mabati juu ya chumba. Narudi nakuta maji yanatiririka juu ya kitanda, na Koko ameloa mpaka ngozi, ile shingo yake tupu inatetemeka, lakini hakusimama ku mayai. Nilimukausha na kitenge changu cha misa. Nililia tena, ndiyo, wewe Mulonda usicheke.

Zikatimia siku za kuku kuangua. Hakuna kitu. Ikapita siku nyingine, hakuna kitu. Mama mukwe alikuwa amekuja kutoka Katana kuona kazi ya jogoo yake. Akamushika Koko, akapima kifua, mifupa mitupu. Akasema kwa upole, "Binti, baridi iliyaua. Umutoe kuku mbele hajakufa na njaa. Utapoteza mayai na mama yao."

Nikamwambia, "Ngoja, mama. Nipe maji ya vuguvugu."

Unajua ninachofanya, Mama, kwa sababu mikono hii ni yako. Nilitia maji mu bakuli, nikaweka yai moja, nikaacha maji yatulie. Yai likaelea kimya. Nikaweka la pili, kimya. Mama mukwe akatikisa kichwa. Nikaweka la tatu. Tulikuwa tumeinama wote wawili. Na lile yai, peke yake, hakuna mutu aliyeligusa, likatikisika. Likatulia, likatikisika tena.

"Eh!" akasema mama mukwe. "Nani alikufundisha hii?"

"Mama yangu."

Akavuta kiti chake kidogo karibu, akachukua yai lingine, akaliweka yeye mwenyewe ku maji. Tukayapitisha yote hivyo, yaliyocheza tukayakausha na kuyarudisha kwa Koko, yaliyokaa kimya tukayatenga.

Asubuhi yake, mlio. Nikainua bawa, kifaranga cha kwanza, shingo imejaa manyoya. Kizuri, lakini ni cha Citoyen, si cha bibi. Cha pili, manyoya. Cha tatu, manyoya mpaka kidevuni, abacost kamili. Nikajisemea, baba yao amewashinda, mbegu imekwisha, nitamuambia Mama nini? Tukangoja. Jua lilikuwa juu yai la mwisho lilipopasuka, na mama mukwe njo aliyekiinua, bado kimelowa, akakiweka mu kiganja, akakipulizia. Shingo ilikuwa tupu. Nyekundu, nyembamba, tupu kabisa, hakuna unyoya hata mumoja.

Akasema, "Huyu hakunyonyolewa na mutu. Alizaliwa hivi." Halafu akasema, "Huyu njo wa mama yako."

Mama, kipanga alichukua mumoja wa wale vifaranga, si yule. Yule alilala ndani ya nyumba, alikula na Bahati sahani moja, na Koko alimulinda mpaka akamurukia mbwa wa Maman Sifa usoni. Amekua. Ni jike. Ni tembe mwekundu, amesimama kama Koko alivyosimama siku uliyomuweka mukononi mwangu.

Nilitaka kumutuma peke yake, kwa sababu ndugu yake siwezi kumupa awe bwana yake. Nilifikiri utatafuta jogoo kwa vijiji vya mbali. Lakini juzi mama mukwe amepanda tena huku, mvua inanyesha, na jogoo kijana kwapani, kutoka boma lake mwenyewe. Amemuweka juu ya meza yangu. Amesema, "Mutumie mama yako. Umwambie mukwe mwenzake wa Katana anamusalimia. Na umwambie amuzungushe ku mafiga, asije akafanya kama binti yake." Sasa hata wewe utanicheka, haya, cheka.

Unisalimie yaya, na umwambie maji ya mama hayachotwi na maneno. Umusalimie tonton katekista aliyenifundisha kuandika, aone kama herufi zangu bado zimenyooka. Umusalimie shangazi mwenye kidonda, nimemutumia dawa kwa mukono wa Papa Musafiri. Na wale wazee walioshuhudia ndoa yangu, uwaambie Koko bado yuko Kasha na mimi niko pamoja naye.

Sasa Mulonda, fungua kitunga. Polepole, funga mulango kwanza. Uwape maji, wametoka mbali. Tembe umupe Mama mukononi, wewe usimushike. Mama, mupapase shingo. Halafu umuchukue jogoo, umuzungushe kwenye yale mafiga matatu ya bibi, yale hayajatembea hata siku moja tangu nizaliwe, umwambie moto wake ni huo.

Kisha ulale, Mama, usiwaze saa. Kesho kuna mutu wa kukuamusha.

Ni mimi, mutoto wako asiyesahau boma la kuku,

Wabiwa, Maman Bahati